Msigawane Ng'ombe Kabla ya Penalti

Nilikuwa nimejiapiza kwamba nikishatundika kipyenga sitafungua mdomo juu ya uamuzi wa mtu mwingine. Kiapo hicho nilikishika vizuri tu, mpaka Ijumaa iliyopita nyie waamuzi vijana wa Zinga mliponivunjia.

Nilikuja kutazama fainali yenu kama raia mwema, kiti changu cha plastiki nimekibeba mwenyewe. Mpira ukaisha sare, bao moja kwa moja. Nikasema moyoni, haya, sasa ndiyo kazi inaanza. Nikakiinua kiti nikahamia nyuma ya goli, maana penalti hutazamwa kutoka nyuma ya goli. Nikasubiri. Kumbe wenzangu mmejikusanya katikati ya uwanja pamoja na kamati, mnanong'onezana kama mnapanga arusi. Mara mwenyekiti akashika kipaza sauti: “Jamani, Magharibi imekaribia, na hawa wote ni ndugu. Kombe litakaa nusu mwaka huku, nusu mwaka kule, na ng'ombe tutamgawa nusu kwa nusu.” Watu wakapiga makofi. Na nyie mkapiga! Tangu lini refa akapiga makofi uwanjani?

Ng'ombe anagawanyika, sikatai. Ana mapaja ya huku na ya huku, mbavu za huku na za huku. Fainali haina mbavu. Mtu ametoka jasho dakika tisini, amevumilia viatu vya kuazima na matusi ya mashangazi zake, halafu mnampa kilo mbili za nyama mnamwambia nenda nyumbani, sote ndugu. Nimekasirika mpaka leo, na ndiyo maana nimekaa chini kuwaandikia.

Kwa msionijua, mimi ni Jumbe, maarufu Refa Jumbe. Asubuhi nilikuwa fundi baiskeli pale mjini Bagamoyo, jioni nilikuwa mwamuzi wa mpira, na kazi ya jioni ndiyo iliyoniharibia sauti. Nimechezesha kwenye viwanja vyenye nyasi, vyenye mchanga, na kimoja chenye kaburi karibu na kibendera cha kona, ambalo tuliliheshimu kuliko tulivyoheshimiana sisi kwa sisi.

Aliyenifundisha ni Mzee Kibwana, mshona kanzu, mtu mfupi mwenye hasira ndefu. Kipyenga chake alikifunga kwa kamba ya kiatu. Alikuwa akiniambia, “Jumbe, mechi ni posa. Masharti yote yasemwe kabla wali haujaliwa. Ukishaliwa, kila mtu atakumbuka sharti lake.” Maana yake ilikuwa hivi: kabla ya kupuliza kipyenga cha kwanza, waite makapteni wawili, waite na wazee wao wanaopenda kelele, uwaambie mkitoka sare tutaamua hivi na hivi. Halafu usiridhike na kutikisa vichwa. Kila kapteni alirudie sharti kwa mdomo wake, watu wasikie.

Na yeye mwenyewe aliyekuwa akinihubiria hivyo, siku moja akasahau. Ilikuwa Chalinze, kwenye uwanja ulio karibu na maegesho ya malori. Timu moja ya wenyeji, nyingine ya matingo, wale wasaidizi wa madereva wa malori. Mechi ikaisha bila goli. Wenyeji wakasema kwa desturi ya hapa mechi inarudiwa kesho. Matingo wakasema kesho sisi tuko Morogoro, kwa desturi yetu zinapigwa penalti. Madereva waliosimama kula wakaingia uwanjani na desturi zao, na abiria wa basi moja la Tanga nao wakatoa maoni, ingawa mechi hawakuiona. Mzee Kibwana akajaribu kumfuata kila mmoja amweleweshe. Mwisho tulimkuta amejifungia ndani ya lori la mtu, vioo amepandisha, jasho linamtiririka, anatufokea sisi wasaidizi wake kwa ishara. Mechi ile haijaamuliwa hadi ninapoandika.

Sasa nisikilizeni habari ya Pono, maana ndiye aliyenifanya niwaandikie.

Pono alikuwa kipa wa Shoka, timu ya huku huku kwenu Zinga. Jina lake hasa ni Seifu. Pono tulimwita kwa sababu ya usingizi. Gari la wachezaji likipita kwenye mashimo, wenzake wanagonga vichwa juu, yeye anakoroma. Kazi yake ilikuwa ukwezi wa minazi, na mikono yake ilikuwa migumu kama makumbi. Akishaingia golini usingizi wote ulimtoka. Sijaona kipa wa mtaani aliyeruka kama yule, na nimeona wengi waliodhani wanaruka.

Mara ya kwanza nilipomchezesha kwenye fainali, Shoka walikutana na Pweza, timu ya mjini. Siku hizo sare tuliiamua kwa kona. Nyie mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa: mabao yakilingana, mnaangalia nani amepata kona nyingi, huyo ndiye bingwa. Ujinga mtupu! Timu zikajifunza kutotafuta goli kabisa. Winga anakimbia mpaka pembeni, anamtafuta beki, anampiga mpira wa miguuni makusudi utoke nje, halafu anashangilia kona kama amefunga. Na mimi refa nakimbia huku nahesabu, nikisahau hesabu natukanwa na pande zote mbili.

Basi siku hiyo hakuna goli na kona ziko sawa. Muda unakwisha. Mshambuliaji wa Pweza akaachia shuti la mbali, la juu, la kwenda moja kwa moja chini ya mtambaa wa panya. Pono akaruka. Nilimwona akijinyoosha kama anaitafuta nazi ya mwisho kwenye kuti, akaugusa mpira kwa ncha za vidole, ukapita juu. Uwanja mzima ulipiga kelele, hata wa Pweza. Mimi mwenyewe nilisahau kwamba nina kipyenga mdomoni.

Lakini mpira ulikuwa umetoka kwa mkono wa kipa. Ni kona. Nikaonesha kona. Ikapigwa, ikaokolewa, nikamaliza mpira. Pweza wakachukua kombe kwa kona moja.

Pono akanifuata taratibu, hana ugomvi. “Kaka Jumbe,” akasema, “naomba kuuliza tu. Ule mpira ningeuacha?”

“Ungeuacha lingekuwa goli.”

“Nimeupangua.”

“Imekuwa kona.”

“Sasa nilitakiwa nifanye nini?”

Sikuwa nimekosea, niseme wazi. Kanuni ilikuwa ndiyo hiyo, ilisomwa mapema, makapteni waliirudia. Lakini mtu amefanya kazi yake kuliko mtu yeyote uwanjani, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomnyang'anya kombe, halafu ananiuliza mimi swali la haki namna hiyo. Nikalipeleka kwa Mzee Kibwana. Akanijibu bila kuinua macho kwenye cherehani, “Kamuulize aliyeitunga. Mimi nashona kanzu ya watu hapa.”

Kona zikaja zikaachwa, alhamdulillahi. Badala yake tukaletewa shilingi. Mnajua maana yake: watu wametoka jasho jioni nzima, halafu bingwa anapatikana kwa kipande cha chuma. Safari hiyo ilikuwa masika, uwanja umekuwa matope, kiza cha mvua kimeshuka mapema, Shoka na Pweza tena, bao mojamoja. Pono alikuwa kapteni. Kamati wakataka shilingi irushwe na mtu wa heshima, wakamfuata Maalim Idi, mwadhini wa msikiti ulio jirani na uwanja, aliyekuwa amesimama pembeni na mwavuli wake.

Maalim akakataa katakata. “Kura ya kugawana haki sina ugomvi nayo,” akasema. “Lakini nawaona watu pale wanashikana mikono kuwekeana dau. Mkono wangu haurushi kamari.”

Kwa hiyo nikarusha mimi. Niwafundishe hapo hapo, maana hata kurusha shilingi siku hizi mnarusha kama mnafukuza nzi. Wasogeze watu mbali kwanza. Mgeni achague ikiwa bado iko hewani. Usiidake, iache ianguke chini kila mtu aione, na asiinue mtu yeyote mpaka makapteni wote wameinama. Pono akasema, “Mwenge.” Kikaja kichwa.

Hakupinga. Aliinama akaitazama ile shilingi kwenye tope, akaitazama tena, kisha akacheka kicheko ambacho sikukipenda. “Kaka Jumbe,” akasema, “safari ile angalau niliruka. Leo hata mkono sijainua.”

Nilirudi nyumbani nimekasirika nisijue nimkasirikie nani. Mke wangu aliniuliza nani ameshinda, nikamwambia shilingi.

Miaka ikaenda. Penalti zikashika hata huku kwetu, na mimi nikazipokea kwa mikono miwili, ingawa zina adha zake. Watu wanasema penalti ni bahati nasibu. Anayesema hivyo hajawahi kusimama pale peke yake watu wa mtaani kwake wanamwangalia. Mguu wako ndio unaoamua, au mkono wako, basi. Kazi ya refa ni kuhakikisha hakuna kingine kinachoamua.

Hapo ndipo penye ufundi. Chagua goli ambalo watu hawakuliegemea. Alama ya kupigia ipime mwenyewe, usiulize mtu, maana kila upande una kijana mwenye kisigino cha kuichimba isogee. Wachezaji wote wakae kwenye duara la kati, anayetoka bila kuitwa arudishwe. Na mstari wa goli uchore upya kwa majivu. Jioni chokaa ya mchana yote imeshafutwa na miguu, na kipa bila mstari atakukuta mpaka kwenye alama ya penalti akuamkie. Mimi nilitembea na mfuko wa majivu ya jikoni, nayachekecha mwenyewe. Mke wangu alikuwa akiniuliza kama naenda kuchezesha mpira au kusugua sufuria za watu. Niliyamwaga upya kila baada ya pigo. Watu wakaniona nina wazimu.

Sasa siku yenyewe. Lilikuwa Kombe la Kuvunja Jungu, fainali yake ikaangukia siku ya mwisho kabla ya kutazamwa mwezi wa Ramadhani. Zawadi ni ng'ombe dume, kafungwa kwenye mkorosho nyuma ya uwanja, mchinjaji ameketi pembeni yake na kisu chini ya kikoi. Bingwa anachinja jioni ileile, nyama inaingia majumbani, watu wanavunja jungu, na mwezi ukiandama kesho ni swaumu. Kurudia mechi haiwezekani, mwezi wa mfungo hatuchezi fainali. Kila kitu kiamuliwe kabla ya adhana.

Shoka na Pweza, kama kawaida ya balaa. Na golini kwa Shoka nani? Pono! Kidevu chote mvi. Alikuwa ameshaacha mpira, lakini kipa wao kijana alipata kibarua cha kupakia lori Chalinze akaondoka alfajiri bila kuaga. Wakamtoa Pono kwenye kivuli alikokuwa amelala, akaingia golini miguu peku. Kabla ya mpira nikawaita makapteni, nikasema sare ni penalti moja kwa moja, na harudii mtu kupiga kabla wote hawajapiga, kila mtu akarudia. Pono akapita karibu yangu akaninong'oneza, “Kaka, hii ndiyo ya mwisho. Nikikosa na hii, basi nimeandikiwa kukosa.”

Ikaisha bila bao. Penalti zikaanza, na wale vijana, ambao jioni nzima hawakulenga hata mbuyu, wakaanza kufunga wote. Wa Shoka anafunga, wa Pweza anafunga. Jua linashuka. Wakafika tano wote wamefunga, tukaendelea mmoja mmoja. Wa Shoka akapaisha, nikasema afadhali, na wa Pweza naye akapaisha! Mchinjaji akaniita, “Refa, mwanga! Mnyama hachinjwi kwa kupapasa!” Maalim Idi, ambaye kumbe ni Pweza wa damu, amesimama nyuma ya goli, anatazama saa, anatazama mpira, mguu mmoja umeelekea msikitini.

Waliofuata wakafunga wote, mpaka wakabaki makipa peke yao. Kapteni wa Pweza akanijia juu. “Refa, kipa wetu hajui kupiga. Apige Hamisi tena.”

“Hamisi ameshapiga.”

“Lakini ndiye mpigaji wetu!”

“Harudii mtu kabla wote hawajapiga. Ulilirudia sharti hili kwa mdomo wako.”

Hapo mwenyekiti wa kamati akaja na maneno yaleyale mliyoyasema nyie Ijumaa. Sote ndugu, Magharibi imefika, wagawane ng'ombe yaishe. Na watu wakaanza kuitikia, ndiyo, ndiyo. Nikamtazama Pono. Alikuwa amekaa kwenye mstari, magoti ameyakumbatia, ananitazama mimi tu. Nikamwambia mwenyekiti, “Ng'ombe mgawane mkitaka, hata mkia. Mechi yangu haigawanywi.” Aliondoka akinisonya, na mpaka leo salamu yake kwangu ni nusu.

Pono akapiga kwanza. Alipiga kwa kidole gumba, vibaya, mpira ukadundadunda kama chura ukapita chini ya kwapa la mwenzake. Goli. Nikamwaga majivu mapya. Akaja kipa wa Pweza, yule asiyejua kupiga, na kwa sababu hakujua kupiga akaupiga kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Ukaenda juu, chini ya mtambaa wa panya, palepale.

Pono akaruka. Mwili ulikuwa wa mzee lakini mruko ulikuwa uleule. Ncha za vidole. Ukapita juu.

Pweza wakaanza, “Ametoka kwenye mstari! Refa, ametoka!” Kijana mmoja akanisukumia simu usoni, “Angalia marudio, mzee!” Nikamwambia akamwoneshee mama yake. Nikaenda kuinama kwenye majivu. Unyayo wa kulia ulikuwa umechimba katikati ya mstari, kisigino na vidole vyote vitano, kama mtu aliyepiga muhuri. Nikamwita kapteni wa Pweza naye ainame. Akainama, akainuka akawarudisha watu wake nyuma.

Nilipoinuka nikamkuta Pono bado yuko chini. Watu wa Shoka wanamkimbilia, yeye hawaoni. Anakitazama kibendera cha kona. Kisha akanigeukia, na uso ule sijausahau.

“Kaka Jumbe,” akasema, “na hii ni kona?”

“Si kona, Pono,” nikamwambia. “Hapa ukipangua, umepangua. Umeshinda.”

Akaweka paji lake la uso kwenye majivu akalia, mzee mzima. Maalim Idi alikuwa anakimbia kuelekea msikitini, kanzu ameishika mkononi, na adhana yake siku ile ilianza akiwa hajapata pumzi. Ng'ombe alichinjwa. Shoka waliwapelekea Pweza kichwa na makongoro, wakavunja jungu nao wakitaniana. Undugu haukufa. Undugu hauuawi na penalti, jamani, mnanisikia?

Sasa turudi kwenu. Ijumaa mlipomaliza kupiga makofi, kila mtu alihamia kwenye nyama. Mimi nilibaki nyuma ya goli na kiti changu, nimechoka hata kukikunja siwezi, halafu nikakumbuka hakikunjwi. Golini alikuwepo kipa mmoja, yule kijana dereva wa bajaji. Glavu mkononi, kasimama katikati ya milingoti. Alikuwa amewahi golini mpira ulipoisha, kama ilivyotakiwa, akasubiri penalti. Hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kumwambia kwamba hazipigwi.

Akaniona. “Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Babu, kwani tumeshinda au tumeshindwa?”

Kwa umri huu, baada ya majivu yote niliyoyabeba, mmenirudisha palepale kwa Pono siku ile ya kona. Sikumjibu, nilimwambia tu avue glavu, giza linaingia. Anaegesha bajaji yake pale njia panda kila asubuhi. Vaeni jezi zenu za uamuzi, mwende mkamjibu nyie.